Digrii Moja, Dakika Nne: Kanuni za Hisabati Katika Njia ya Tabora

Mwezi wa Ramadhani, redio za Dar es Salaam zinapopiga adhana ya magharibi, wafungaji wa Ng'ambo mjini Tabora hawagusi tende. Jua lao bado linaonekana juu ya miembe. Watasubiri karibu nusu saa nyingine, na hakuna anayelalamika, maana hata watoto wanajua kwamba futari ya Dar si ya Tabora. Lakini mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu, hapo hapo kibarazani, kwa nini iwe karibu nusu saa na si dakika 10 wala saa nzima. Wengi watainamisha kichwa. Na ajabu ni kwamba jibu wanalo daftarini.

Dunia inajizungusha digrii 360 kwa saa 24. Gawanya, utapata digrii 15 kwa kila saa, yaani digrii moja kwa kila dakika 4. Dar es Salaam iko karibu na longitudo ya digrii 39.3 mashariki, Tabora iko kwenye 32.8. Tofauti ni digrii 6.5. Zidisha kwa 4, unapata dakika 26. Kwa hesabu hiyo hiyo mtu anaweza kujua kwa nini jua la mchana Tabora halifiki juu kabisa saa sita kamili. Saa za Tanzania zimepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, mstari ambao hata haukanyagi ardhi ya nchi hii. Kutoka 45 hadi 32.8 ni digrii 12.2, na hizo ni kama dakika 49. Kwa wastani wa mwaka, basi, adhuhuri halisi ya Tabora ni saa 6:49 mchana. Anayeamini kuwa jua liko utosini saa inapogonga sita anaamini saa, hajatazama kivuli.

Mada hiyo wanafunzi wanaifahamu kama Dunia kama tufe, na iko kidato cha tatu katika somo la Hisabati. Ni miongoni mwa mada zinazorukwa sana. Walimu wanaifika muhula umekwisha, wanafunzi wanakariri kanuni mbili wasizozitofautisha, na mtihani wa kidato cha nne unapouliza umbali kati ya miji miwili, anayejibu anabahatisha. Hali ya somo lenyewe inajulikana: katika matokeo ya mwaka 2023 aliyefaulu Hisabati alikuwa takriban mmoja kati ya wanne. Karatasi ina maswali 14 kwa saa 3, na haitoi huruma kwa mtu aliyebeba kanuni 60 kichwani bila kujua ipi inafanya kazi gani.

Hoja ya mazungumzo haya ni kwamba kanuni zinazohitajika kweli ni chache kuliko vile vijikaratasi vinavyouzwa kwenye stationari vinavyotaka watu waamini, na kwamba mwanafunzi wa Tabora ana bahati ambayo haitumii. Njia ya misafara iliyopita hapa, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilipimwa kwa kanuni hizo hizo za kidato cha kwanza hadi cha nne. Majibu yapo. Anaweza kukokotoa, kisha akahakiki.

Tuanze na Ujiji. Tabora na Ujiji zote mbili ziko karibu kabisa na latitudo ya digrii 5 kusini, na longitudo zao zinatofautiana kwa kama digrii 3.1. Kanuni inasema: chukua mzingo wa dunia, ambao ni mbili mara pai mara nusu kipenyo, uzidishe kwa kosaini ya latitudo, kisha chukua sehemu yake inayolingana na tofauti ya longitudo, yaani tofauti hiyo juu ya 360. Vitabu vya shule vinatumia nusu kipenyo cha kilomita 6,370. Mbili mara 3.14 mara 6,370 ni kama kilomita 40,000. Gawa kwa 360, upate 111 na ushee kwa kila digrii. Kosaini ya 5 ni 0.9962, kwa hiyo huku Tabora kila digrii ina kilomita 110.7. Mara 3.1, jibu ni kama kilomita 343. Reli ya Kati kutoka Tabora hadi Kigoma, jirani wa Ujiji, ina takriban kilomita 410. Tofauti hiyo si kosa la kanuni. Reli inazunguka vilima na kutafuta mahali pa kuvukia mabonde, lakini kanuni inaruka kama kunguru.

Kwa nini kosaini? Hapo ndipo wengi wanapoteleza, na ndipo penye utamu. Duara la latitudo linapungua kadiri unavyoondoka ikweta, na linapofika ncha ya dunia linakuwa nukta. Kosaini ya 0 ni 1, kosaini ya 90 ni 0. Mwanafunzi aliyeshika hilo hahitaji kukariri kwamba kanuni ya kwenda kaskazini na kusini haina kosaini. Mistari ya longitudo yote ina urefu mmoja, basi hakuna cha kupunguza.

Sasa rudi Bagamoyo. Tarehe 7 Novemba 1857, wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, jina ambalo Waarabu wa biashara walikuwa wakiita makazi yao hapa Unyanyembe, wakapokewa na mfanyabiashara Snay bin Amir. Burton aliandika kwamba ilikuwa siku ya 134 tangu kuondoka pwani, na kwamba walikuwa wametembea si chini ya maili 600, yaani kama kilomita 965. Walikuwa wameondoka Kaole, kusini kidogo mwa Bagamoyo, tarehe 27 Juni. Ukihesabu siku kwa vidole, pamoja na ile ya kwanza, utafika 134 sawasawa.

Umbali ulionyooka je? Tabora iko kaskazini ya Bagamoyo kwa digrii 1.4 hivi, nayo ni kilomita 157. Iko magharibi yake kwa digrii 6.1, takriban kilomita 672. Pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Kila aliyemaliza darasa la saba anamjua Pithagorasi: mraba wa upande mrefu ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili fupi. Jumlisha miraba, tafuta kipeuo cha pili, jibu ni takriban kilomita 690. Msafara ulitembea 965. Ziada ya kilomita 275 ilikwenda kwenye kutafuta visima, kukwepa watu waliotaka hongo kubwa mno, na kufuata njia zilizokuwa zimekanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote kufika. Huwezi kuidai hisabati ikupe sababu hizo, lakini bila hisabati usingejua kwamba kuna ziada inayotaka maelezo.

Gawa 965 kwa 134, unapata kilomita 7.2 kwa siku. Mpagazi aliyebeba frasila mbili, zaidi ya kilo 30, alikuwa akitembea mbali zaidi ya hapo siku ya safari. Wastani umeshushwa na siku za kulala kambini kwa homa, kwa mvua, na kwa mabishano ya posho. Hapa kuna mtego unaoangusha watahiniwa kila mwaka. Mwendo wa wastani ni umbali wote juu ya muda wote. Si wastani wa mwendo na mwendo. Bodaboda anayekwenda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ile ile kwa 30 hana wastani wa 45. Ana wastani wa 40, kwa sababu ametumia muda mrefu zaidi akienda polepole. Asiyeamini na achukue safari ya kilomita 60: kwenda saa moja, kurudi saa mbili, kilomita 120 kwa saa tatu.

Kisa cha Speke na sufuria ya maji kingepaswa kusimuliwa katika kila darasa la fizikia na hisabati mkoani Tabora, na pengine hakisimuliwi popote.

Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka mapema. Kwa makadirio mazuri, unapoteza nyuzi moja kwa kila meta 300. Tabora, iliyo karibu meta 1,200 juu ya bahari, inachemsha maji yake kwa nyuzi 96 hivi. Wapimaji wa karne ya 19 waligeuza kanuni hiyo: chemsha maji, soma kipimajoto, utajua uko juu kiasi gani. Mapema mwaka 1858 Speke alifanya hivyo kando ya Ziwa Tanganyika. Vyombo vyao vingi vilikuwa vimeharibika njiani. Akapata karibu futi 1,800, sawa na meta 550. Ziwa lenyewe liko meta 773. Alikosea kwa zaidi ya meta 220.

Lakini hesabu hilo kosa kwa upande wa kipimajoto. Meta 220 juu ya 300 ni kama 0.7. Haikufika hata nyuzi moja! Kanuni ilikuwa sahihi, hesabu ilikuwa sahihi, chombo kilidanganya kwa kiasi ambacho jicho halitambui. Kisha mwaka huo huo, akitokea Kazeh ambako Burton alikuwa amebaki akiugua, Speke alifika Mwanza, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa aliloliita Victoria. Akachemsha tena. Akapata futi 3,740. Ziwa liko kama futi 3,720.

Kosa la Tanganyika halikuishia daftarini. Mabwana wa London waliokuwa wakigombania chanzo cha Mto Nile walilitumia kama ushahidi: ziwa lililo chini hivyo haliwezi kumwaga maji yake kwenda Nile. Walioshuku kipimo hicho nao wakashikilia kwamba linaweza. Ubishi haukumalizwa na kipimajoto. Ulimalizwa na mtumbwi, Novemba 1871, pale wapelelezi David Livingstone na Henry Stanley walipopiga makasia hadi ncha ya kaskazini ya ziwa na kukuta Mto Rusizi unaingia, hautoki. Baada ya hapo walikuja Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambako Livingstone alikaa kwenye tembe hadi Agosti 1872. Mwaka uliofuata, baada ya kufariki kwake, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaupitisha mwili wake papo hapo wakielekea pwani, na afisa mmoja wa jeshi la maji la Uingereza, Verney Lovett Cameron, akavichukua vyombo vyake vya kupimia ili aendelee navyo magharibi. Wale waliobeba maiti hawakufurahi.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: haya yote yanamsaidiaje kwenye maswali 14? Yanamsaidia kuchagua. Ukiangalia kanuni za kidato cha kwanza hadi cha nne utakuta nyingi ni watoto wa wazazi wachache. Pithagorasi peke yake ana ukoo mzima. Umbali kati ya nukta mbili kwenye grafu ni Pithagorasi. Mlinganyo wa duara ni Pithagorasi. Ile inayosema mraba wa saini jumlisha mraba wa kosaini ni moja, nayo ni Pithagorasi katika pembetatu ambayo upande wake mrefu ni moja. Ukubwa wa vekta pia. Kijikaratasi kinaziandika kama kanuni nne tofauti, kila moja ndani ya kiboksi chake, na mtoto anaumia kuzibeba.

Fundi ujenzi hasomi kijikaratasi hicho. Anapopiga vigingi vya msingi anapima futi 6 upande mmoja, futi 8 upande wa pili, kisha anavuta kamba kati ya ncha hizo mbili. Ikisoma futi 10, kona imekaa skwea. Ikisoma 10 na inchi mbili, kona imefunguka na kigingi kinasogezwa. Sita mara sita ni 36, nane mara nane ni 64, jumla 100. Fundi anaweza asijue jina la Mgiriki yule, lakini nyumba haitapinda.

Maumbo nayo yana mzazi wao: ujazo wa kitu chenye umbo moja tangu chini hadi juu ni eneo la kitako mara kimo. Hilo linatosha kwa kasha, kwa mche wa pembetatu, na kwa mche duara. Linapochongoka na kuishia nukta, iwe piramidi au pia, unagawa kwa tatu. Tufe ndilo linaloomba kanuni yake mwenyewe. Na Tabora haikosi miche duara. Mzinga wa nyuki wa gogo au wa gome la mti, wa aina inayotundikwa kwenye miombo, ni mche duara uliolazwa. Wenye urefu wa sentimeta 100 na kipenyo cha ndani cha 30 una ujazo wa 3.14 mara 15 mara 15 mara 100: sentimeta za ujazo 70,650, au lita 70 na zaidi kidogo. Si zote asali, nyuki wana mambo yao humo ndani. Ongeza kipenyo kifike 40, urefu ule ule, na ujazo unakuwa lita 125 na ushee. Umeongeza theluthi moja ya upana, nafasi imeongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Anayekariri pai mara nusu kipenyo mara mbili bila kujua kwamba ni mraba, si mara mbili, atapoteza alama kwenye mtihani na pesa kwenye biashara. Kosa lingine la kila siku ni kuchukua kipenyo kizima badala ya nusu yake. Huyo jibu lake linakuwa mara nne.

Kanuni ya mlinganyo wa kwadratiki ndiyo inayoogopwa kuliko zote, ile yenye hasi b, jumlisha au toa, kipeuo na vitu vyote juu ya 2a. Redioni hakuna ubao, lakini vumbi la uani linatosha. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, aliuliza hivi: mraba wa namba, ukijumlisha mara 10 ya namba hiyo, unapata 39, namba ni ipi? Chora mraba mchangani, upande wake haujulikani. Zile mara 10 zikate vipande viwili vya upana wa 5, uviegeshe ubavuni mwa mraba, kimoja kulia na kingine chini. Eneo la vyote ni 39. Umbo linalotokea ni mraba mkubwa uliong'oka kona. Kona inayokosekana ni 5 kwa 5, nayo ni 25. Izibe. Jumla 64, upande wa mraba mkubwa ni 8, ondoa zile 5 ulizoegesha, namba ni 3. Hakikisha: 9 na 30, ni 39.

Kuziba kona hiyo ndiko kanuni nzima. Ile ndefu ya kijikaratasi ni herufi zilizowekwa mahali pa 10 na 39. Kitu kimoja tu imeongeza: inatoa pia jibu la hasi 13, ambalo al-Khwarizmi hakulijali kwa kuwa upande wa shamba hauwi hasi. Mtahini analijali. Swali likiwa la shamba au umri, liandike kisha ulikatae kwa maneno, maana kulikataa kimya kimya kunaacha alama mezani.

Tanjenti inaweza kujifunzwa chini ya mwembe wowote wa Tabora. Karatasi ya mraba ikunjwe kona kwa kona, itoe pembe ya digrii 45. Mwanafunzi aishike usawa wa jicho, upande mmoja ukilala sambamba na ardhi, arudi nyuma mpaka mkunjo uelekee kileleni. Tanjenti ya 45 ni 1, basi kimo cha mti ni umbali wake hadi shinani, jumlisha kimo cha jicho lake. Wanaosahau jicho wanaufupisha mti kwa meta moja na nusu.

Imebaki riba, kanuni inayoonekana nyepesi kuliko zote na inayouma kuliko zote. Riba ya kawaida, ya kidato cha kwanza, ni mtaji mara kiwango mara muda, juu ya 100. Riba ya kuongezeka inakuja kidato cha tatu pamoja na mfuatano wa namba: mtaji unazidishwa kwa moja na kiwango, tena na tena, mara nyingi kama idadi ya vipindi. Mitaani mikopo ya aina hiyo ina jina lake, kausha damu. Mtu akikopa shilingi 1,000,000 kwa asilimia 10 kwa mwezi, na riba isiyolipwa ikawa inaingizwa kwenye deni, hesabu ya haraka inamwambia kwamba baada ya mwaka atadaiwa 2,200,000. Kanuni ya kuongezeka inasema 1.1 kwa kipeo cha 12, ambayo ni 3.138, na deni ni zaidi ya shilingi 3,138,000.

Mkulima wa tumbaku anayechukua mkopo wa namna hiyo Oktoba kwa ajili ya shamba, akitegemea kulipa soko likichanganya Juni, ana vipindi vinane. Moja nukta moja kwa kipeo cha 8 ni 2.1436. Mtoto wake wa kidato cha tatu ana kanuni hiyo daftarini, na kazi yote ni kuzidisha mara nane kwenye simu: shilingi 2,143,589, kabla baba hajatia sahihi.